Tayari Kusikiliza Maneno ya Watu

Muuguzi alimtoboa baba watoto kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akasubiri. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi mbili tu, HI, akanigeuzia nione. Akanieleza kwamba sukari imepita 33 na mashine ile haina uwezo wa kuhesabu zaidi ya hapo. Baba watoto alikuwa amelala ubavu kwenye benchi, anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake ilinuka kama maembe yaliyoiva kupita kiasi.

"Mama, ameacha insulini tangu lini?"

Nilikuwa na jibu. Siku 11. Nilikuwa nazihesabu kwa furaha, kila asubuhi nikimshukuru Mungu kwa siku nyingine ya ushindi.

Hiyo ilikuwa Julai 2020, katika zahanati moja ya Manyatta, hapa Kisumu. Naandika kwa sababu najua zipo nyumba ambazo hivi sasa dawa imefungiwa kabatini kwa jina la imani. Naandika pia kwa sababu sikuwa mtu asiyeomba. Niliomba hekima, nikafunga, nikakesha. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya yote, na ndilo nataka kulieleza polepole.

Mimi ni Mmaragoli wa Vihiga, mume wangu ni Mluo wa Nyando, na watoto wetu watatu tumewalea kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyokutana nayo. Jina moja tu hatukuhitaji kulitafsiri: kwao Mungu ni Nyasaye, na kwetu ni Nyasaye. Siku ya harusi mchungaji alisema hiyo ni baraka, tumeanza tukiwa tumekubaliana juu ya lililo kubwa.

Baba watoto anaendesha tuktuk kati ya Kondele na mjini. Mimi nashona sare za shule kwenye kibanda changu karibu na Kibuye. Anayefanya kazi hii anajua kwamba pesa zake ni za msimu: unanunua kitambaa mapema, unashona, unasubiri shule zifunguliwe. Februari ile nilichukua 20,000 kutoka chama chetu cha akina mama, kile cha kukopeshana, nikaongeza 15,000 za shailoki mmoja wa mtaani, mkopeshaji wa riba, na ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ikawa dhamana. Nikajaza kibanda kitambaa cha buluu nikijiandaa kwa muhula wa pili. Tarehe 15 Machi Rais akatangaza shule zifungwe. Wiki mbili baadaye ikaja kafyu, na abiria wa jioni, ambao ndio walikuwa riziki ya tuktuk, wakapotea. Nilishona barakoa kama fundi mwingine yeyote wa Kisumu, lakini kila fundi alikuwa anashona barakoa.

Mwezi wa Mei mto Nyando ukavunja kingo. Mama mkwe wangu akaja kwetu na godoro, sufuria mbili, na Biblia yake ya Kidholuo imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Tukawa watu sita katika vyumba viwili.

Baba watoto alikuwa na sukari tangu 2016, na mwaka mmoja kabla ya korona daktari alikuwa amemwongezea insulini juu ya vidonge. Insulini ikaanza kugombania pesa na unga. Ni wakati huo ndipo mtumishi mmoja wa Mungu, ambaye jirani alitupa namba yake, alianza kutuombea kwa simu usiku, kwa kuwa makanisa yalikuwa yamefungwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejaa uhakika. Alisema ameona mume wangu akiwa mzima, kwamba imani haiwezi kusimama mguu mmoja kwa Mungu na mwingine hospitalini, na kwamba tupande mbegu ya kuonyesha tumeamini. Tulituma shilingi 3,000 kwa M-Pesa. Usiku ule ule chupa ya insulini ikaingia nyuma ya kabati.

Nikisema ukweli wote, neno lile lilitufaa. Tulikuwa tumechoka kununua dawa, na hapa palikuwa na mtu aliyetuambia kwamba kutonunua ndio utakatifu. Nimejiuliza mara nyingi ni kiasi gani cha imani yangu ya siku zile kilikuwa imani, na kiasi gani kilikuwa njia ya kukwepa duka la dawa. Sijamaliza kujijibu.

Siku ya sita, binti yetu wa kati, wakati huo akiwa na miaka 9, alinivuta leso. "Mama, baba amekunywa maji vikombe 14 tangu asubuhi." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha. Alikuwa amechukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ile bapa ya rangi ya waridi, na kila kikombe kilipotoka kwenye mtungi alichora mstari mdogo ukutani. Mistari 14, imepangwa vizuri kama vifungo vya shati. Nilimwambia asipande shaka ndani ya nyumba. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikafuta ukuta mbele yake.

Kesho yake mama mkwe aliniita pembeni. Yeye huniita kwa jina la kwetu, binti wa Maragoli, kama Waluo wanavyowaita wake za watoto wao. "Nyar Maragoli," akasema, "mtu huyu anakauka. Mwanangu namjua." Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, tuko kwa maombi." Akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mgeni katika nyumba yangu, na nyumba yake ilikuwa ndani ya maji.

Siku ya 11 baba watoto alitapika tangu alfajiri. Jirani akaendesha tuktuk yake mwenyewe kumpeleka zahanati, na muuguzi, baada ya kuona zile herufi, hakutuacha tukae hata dakika kumi. Aliandika barua, akatutuma hospitali ya Jaramogi, ambayo sisi wa Kisumu bado tunaiita Russia. Wakamtundikia maji, wakamrudishia insulini kidogo kidogo, wakawa wanampima kila saa. Daktari kijana alinieleza kwa subira kwamba mwili usipopata insulini hauwezi kuitumia sukari iliyo kwenye damu, kwa hiyo huanza kuunguza mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo, kama tunaweza kuuita hivyo, ni sumu. Ile harufu ya maembe ndiyo ilikuwa moshi wenyewe.

Kwa sababu ya korona sikuruhusiwa kukaa wodini. Nilikaa nje kwenye ukuta mfupi, na simu yangu yenye Biblia ndani yake.

Nilifungua Yakobo 1:5 kwa sababu ndio mstari niliokuwa nimeusimamia wakati wote ule. "Lakini mtu wa kwenu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei, naye atapewa." Niliusoma nikiwa na hasira kidogo. Niliomba, Bwana. Mbona hukunipa? Na neno "hakemei" lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa nangoja kukemewa. Nikaendelea kusoma kwa kukosa la kufanya, nikapita ulimi, nikapita farasi na lijamu, nikafika sura ya 3 mstari wa 17: "Lakini hekima itokayo juu, kwanza ni safi, tena ni ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki."

Tayari kusikiliza maneno ya watu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo tangu shule ya Jumapili na maneno hayo yalikuwa yakinipita. Siku ile hayakupita. Niliona mistari 14 ya chaki. Nikaona mkono wangu ukifuta.

Nilikuwa nimeomba hekima nikitazama juu, nikingoja sauti, ndoto, au simu ya usiku. Mungu alikuwa amejibu siku ya sita saa kumi jioni, kwa mdomo wa mtoto aliyehesabu vikombe. Alirudia siku ya saba kwa mdomo wa mama wa mgonjwa. Kabla ya hapo alikuwa amejibu kliniki, kupitia muuguzi aliyemwandikia mume wangu kwenye kadi, kwa herufi kubwa, asiruke hata siku moja. Sikunyimwa. Nilipewa mara tatu, na mara tatu nikasema niko kwa maombi.

Nililia pale ukutani, na mlinzi akaniletea chupa ya maji bila kuniuliza kitu.

Jioni ile mchungaji wetu alipiga simu. Nilijiandaa kujieleza. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?" Baadaye, siku kadhaa baadaye, ndipo aliponikumbusha Sulemani. Biblia yetu inasema Sulemani aliomba moyo wa adili. Mchungaji akaniambia kwamba katika Kiebrania ni moyo unaosikia. Mfalme angeweza kuomba masikio ya kumsikia Mungu peke yake, lakini aliomba moyo huo ili awahukumu watu, na habari inayofuata katika sura hiyo hiyo ni ya wanawake wawili wanaogombania mtoto, ambao hakuna mtu mwingine angepoteza muda kuwasikiliza. Tena akanionyesha mfalme Hezekia, aliyeugua karibu ya kufa. Mungu alikwisha kumwahidi miaka 15, kwa kinywa cha nabii Isaya, neno lenyewe limetoka. Na nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vilitoka kinywa kimoja. Isaya hakuona kwamba tini zinamdharau Mungu.

Haya nayaandika kwa kirefu kwa sababu nilipoyasikia nilikasirika kwamba sikuyajua, kisha nikagundua kwamba niliyajua. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa Kanisa la Marafiki (Quakers), kizazi cha watoto wa watu waliopokea Injili kutoka kwa wale wamisionari walioanza kazi Kaimosi mwaka 1902. Marafiki wa kwetu huimba na kuhubiri kama makanisa mengine, lakini nyanya alikuwa ameshika ule ukimya wa zamani wa kuomba. Mkubwa akileta shida nyumbani, ng'ombe, shamba, binti aliyerudi kwao, nyanya alisogeza kuni nje ya mafiga ili chungu kiache kuchemka. Akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akanyamaza. Tulikuwa watoto, tunasikia kuku wakiparua nje. Baada ya muda mrefu alifungua macho, na kitu cha kwanza alichofanya si kutoa uamuzi. Aliuliza: "Na nani mwingine ameona jambo hili?" Kisha alituma mtoto amwite huyo mtu. Nilidhani ile ilikuwa tabia ya uzee. Ilikuwa maombi, nusu yake kwa Mungu na nusu ya pili kwenye njia ya kwa jirani.

Sisemi kila mdomo ni wa Mungu. Yule mtumishi wa simu naye alikuwa mtu, na maneno yake yalinifikia. Kilichonisaidia tangu siku ile ni kuuchukua mstari wa 17 kama chekecheke. Nilipomwambia mtumishi yule kuhusu daktari, alikata maneno yangu. Hakutaka kujua mume wangu anatumia dawa gani, wala amekunywa maji kiasi gani. Haikuwa hekima iliyo tayari kusikiliza. Ilikuwa na haraka, na ilikuwa na namba ya kutuma pesa. Daktari kijana wa Russia, ambaye sijui hata kama anasali, aliketi, akaniuliza maswali, akangoja majibu, na alipojua tumeacha dawa kwa ajili ya imani hakunicheka wala hakunifokea. Upole wake nilikuwa nimeusoma muda mfupi uliopita nikiwa pale ukutani. Baba watoto alipopata nguvu alimpigia mtumishi mara mbili, kumweleza yaliyotokea ili asije akamwambia mtu mwingine vile. Simu haikushikwa.

Baba watoto alitoka hospitalini baada ya siku 6. Macho yake hayajawa kama zamani, na usiku haendeshi tena.

Lile la deni lilikuja papo hapo. Nilikuwa nimejificha chama kwa miezi mitatu, nikisema mtandao ni mbaya, nikiomba Mungu afungue mlango wa pesa. Sasa niliomba tofauti. Nilikaa kimya kama nyanya, kisha nikajiuliza ni nani mwingine ameona jambo hili, na jibu lilikuwa hakuna, kwa sababu nilikuwa nimelificha hata kwa mume wangu. Nilimwambia yeye kwanza, halafu mama mkwe. Kisha nikampigia mwekahazina wa chama nikamtajia kila shilingi. Mmoja wa akina mama alinisema vibaya sana, maneno ambayo ningependa kuyasahau. Wengine walikubali nilipe 200 kwa wiki bila riba. Ilinichukua karibu miaka miwili kumaliza.

Shailoki hakukubali chochote. Alikuja na vijana wawili na mkokoteni, wakaifunga ovaloki kwa kamba ya katani, wakaipitisha mbele ya vibanda vyote vya Kibuye. Niliomba isichukuliwe. Ilichukuliwa. Kuna watu wakitoa ushuhuda huruka sehemu kama hii, nami sitaki kuiruka, kwa maana usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu Machi. Hakukuwa tena na jambo lolote nyumbani mwetu ambalo mtu mmoja alikuwa amelibeba peke yake.

Mwezi wa Septemba tulikuwa tunachambua omena, dagaa wa ziwa, mimi na mama mkwe, akasema kama mtu anayejisemea, "Hawa watoto wamekaa nyumbani wanakula na kulala. Sare zao zitawafika wapi?" Zamani ningesema, naam Mama, nikaendelea na kazi. Niliacha omena nikamtazama. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Mtoto wa miaka 8 hukua katika miezi yote hiyo, na mzazi aliyekosa kazi hana pesa ya sare mpya. Lakini ana pesa kidogo ya kurefusha ya zamani. Na mimi nilikuwa na kitambaa cha buluu kibanda kizima, kisichohitaji ovaloki kwa kazi ya namna hiyo, kingo zake naweza kuzifunga kwa mkono.

Niliandika kwa chaki kwenye ubao: NAREFUSHA SARE. Oktoba darasa la nne, la nane na kidato cha nne waliporudi, wakaja wachache. Januari 2021 shule zote zilipofunguliwa, akina mama walipanga foleni na marinda mikononi. Unafumua pindo, na ndani yake unakuta ule upande ambao jua na sabuni havijaufikia, buluu iliyoiva kabisa, kama siku kitambaa kilipokatwa. Mama mmoja alipitisha kidole juu ya ule mstari wa rangi mbili akauliza kama utaonekana. Nikamwambia utaonekana, ila utafua, utafua, mwishowe utafifia. Akasema hapana, afadhali uonekane, mtoto wake ajue amekua.

Mama mkwe hajarudi Nyando kuishi. Huenda, hupanda, huvuna, hurudi kwetu. Jokofu hatuna, na joto la Kisumu mnalijua, kwa hiyo muuguzi wa kliniki alitufundisha kuweka insulini ndani ya chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga wenye maji. Mchanga huo lazima uloweshwe asubuhi na jioni, na hiyo ni kazi ya mama mkwe. Hataki mtu mwingine aiguse. Saa moja jioni binti yetu husoma kipimo kwa sauti na kukiandika kwenye daftari. Baba watoto hushika sindano, tunanyamaza wote kidogo, halafu yeye husema Nyasaye asante, hujidunga, na ndipo tunapakua ugali.